Marejeo

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu,
tunabana magoti chini ya madawati ya kidato cha kwanza,
watu wazima kumi na mmoja wenye funguo za ofisi mfukoni:
Sajenti Kashindye na buti zake za doria,
nesi Nyanzobe wa Kitete, bado ananukia spiriti,
na Msengi, mkagua tiketi wa treni ya Kigoma,
anayesinzia huku akitikisika
kana kwamba behewa halijasimama.

Shahada ya uzamili, wanaiita.
Mimi naiita mkopo wa benki na taa ya kuchaji.
Mume wangu anauliza: cheo kitapanda?
Namjibu labda, namkabidhi mtoto.

Dokta Rwechungura hana haraka.
Anaandika ubaoni: kitendo, njia, lengo.
Alichofanyiwa mtu. Alivyonaswa. Alichokusudiwa.
Kisha anachukua dasta, anafuta la katikati.
"Akiwa mtoto, hili halitakiwi.
Hata akikubali. Hata akija mwenyewe mbio.
Ridhaa ya mtoto ni maji kwenye tenga."

Hapo nikasikia kitu
kikikwaruza sakafu ya kichwa changu,
polepole, kama kinachosukumwa.

Nilikuwa na kurasa sitini juu ya misafara ya kale,
Ujiji hadi hapa Unyanyembe, pembe mabegani, kamba shingoni,
na minyororo niliyoihesabu vitabuni
kama karani wa forodha.
Dokta alizirudisha na wino mwekundu pembeni:
"Vizuri. Na wa leo wako wapi?"

Jumatatu nikafungua kabati la bati.
Jalada sitini na moja. Mwandiko wangu, ule wa zamani,
wenye mikia mirefu ya furaha ya kuajiriwa:
"Butoyi, miaka 13, wa Kasulu.
Shamba la tumbaku Sikonge, msimu mmoja, hakulipwa.
Mgogoro wa ujira. Mwajiri ametoa baiskeli.
Pande zote zimeridhia. Limefungwa."
Dole gumba. Sahihi.
Mhuri umekaa sawa kabisa.

Nakumbuka vidole vyenye gundi nyeusi ya majani mabichi,
macho mekundu ya moshi wa bani.
Nilimnunulia chapati mbili. Nilijiona mwema.
Alisema pacha wake, Bukuru, yuko nyumbani;
yule mtu aliyekuja kuchagua
alisema mmoja anatosha.
Sikuandika. Fomu haikuwa na nafasi ya pacha.

Baiskeli ilikuwa na kengele. Ilikuwa na keria.
Haikuwa na mnyororo.
Alinionyesha kwa kidole pale unapokaa,
nikamwambia, utanunua mbele ya safari.
Dirishani nilimwona akiisukuma,
nami nikarudi kwenye chai.
Sikutazama kama alishika njia ya stesheni
au ile ya Sikonge.

Kurasa sitini natafuta mnyororo,
na shahidi wangu alikwisha kuja
kunishitakia kwamba haupo.

Nilisoma jalada lile darasani, lote, na jina langu.
Sajenti akakohoa: "Dada, badili tarehe. Utajiponza."
Nesi alitazama mikono yake.
Ni Msengi aliyeamka.
"Baiskeli hulipiwa mzigo," alisema.
"Stakabadhi za mwaka ule ziko Kigoma, stoo, kwenye maboksi.
Panya wamekula mpaka Machi."
Masoko ya tumbaku yalikuwa Juni.

Kwa hiyo likizo yangu ya mwaka niko hapa,
sakafuni, stoo ya stesheni ya Kigoma,
nageuza karatasi za kaboni, moja moja:
magunia ya dagaa, godoro, cherehani, mawese,
cherehani nyingine.
Nje ziwa linameremeta bila kunihusu.
Nimemaliza tarehe kumi na nane.

Tasnifu inatakiwa mwezi ujao.
Ukurasa wa mwisho, chini ya neno Marejeo,
nimemtanguliza yeye,
jina moja, bila mchapishaji,
na penye mwaka nimeacha mabano wazi.